Hospitali ipo, mama anafika saa ngapi?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma hili. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, sisi wakazi wa Dar es Salaam tumezoea kudhani kwamba taabu ya akina mama wakati wa kujifungua ni taabu ya vijijini. Tukisikia mama amefia njiani, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye machela, mto uliofurika na zahanati iliyo mwendo wa nusu siku. Sisi wa mjini tunajihesabu kuwa tumesalimika, kwa kuwa hospitali tunaziona kwa macho na daladala zinapita mbele yake. Leo nataka tuitazame dhana hiyo kwa makini. Kwa maoni yangu, dhana hiyo yenyewe inawaponza akina mama wengi wanaoishi pembezoni mwa jiji, kule Mbagala, Chamazi, Buza na Toangoma upande wa Temeke, na kule Tegeta, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa hiyo nianze na mema yaliyofanyika. Uchunguzi wa kitaifa wa hali ya afya uliofanywa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kuwa ni wanawake 47 tu katika kila 100 waliokuwa wakijifungulia katika vituo vya tiba. Uchunguzi wa 2015 na 2016 ukakuta wamefika 63, na ule wa 2022 ukakuta 81. Katika mkoa wa Dar es Salaam, kwa miaka mingi sasa, ni zaidi ya tisa katika kila kumi. Vifo navyo vimepungua. Uchunguzi wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vitokanavyo na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria vifo 104. Haya si mambo madogo, na waliofanya kazi hiyo, kuanzia wizarani hadi kwa muuguzi wa zamu ya usiku, wanastahili shukrani.

Hata hivyo, vifo 104 katika kila vizazi 100,000 maana yake ni kwamba bado tunapoteza mama mmoja hivi katika kila vizazi 1,000. Hospitali kubwa za jiji hili zimepata kuzalisha akina mama zaidi ya 1,000 kwa mwezi mmoja. Msikilizaji anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe. Tena kwa kila mama anayefariki wapo wengine wanaopona wakiwa na madhara ya kudumu, na wapo watoto wanaozaliwa wakiwa wameshapoteza pumzi.

Hapo ndipo linapozuka swali. Ikiwa karibu akina mama wote wa Dar es Salaam wanajifungulia hospitalini, kwa nini bado wapo wanaopotea? Jibu langu ni kwamba kufika hospitali si sawa na kufika mapema, na kufika mapema si sawa na kuhudumiwa mapema. Uzazi una saa yake. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa mbili au pungufu. Kwa hiyo, tukitaka kujua kama mjamzito wa Chamazi au wa Bunju anapata huduma, tusiulize tu kama hospitali ipo. Tuulize anaifikia saa ngapi, na akishafika anaguswa baada ya muda gani.

MJI ULIVYOZIKIMBIA HOSPITALI ZAKE

Sensa ya 1988 ilihesabu watu 1,360,850 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728, yaani karibu mara nne. Manispaa ya Temeke peke yake, hata baada ya kumegwa na Kigamboni kuwa manispaa yake, ilikutwa na watu 1,346,674. Ndiyo kusema kwamba Temeke ya leo inakaribia kulingana na Dar es Salaam yote ya 1988. Kinondoni nayo, baada ya Ubungo kutengwa, ilikuwa na watu 982,328, na hiyo Ubungo ikawa na 1,086,912.

Watu hao hawakuongezeka Upanga wala Kariakoo. Waliongezeka huko ambako kiwanja kilikuwa nafuu. Na sote tunajua namna mitaa yetu ya pembezoni inavyojengwa. Nyumba hutangulia, barabara hufuata kwa kusuasua, maji na umeme huja baadaye, zahanati huja nyuma ya hapo, na hospitali yenye chumba cha upasuaji huwa ya mwisho kabisa.

Kwa miaka mingi mzigo wote wa jiji uliangukia hospitali nne: Muhimbili, na zile tatu za wilaya ambazo ni Amana huko Ilala, Temeke, na Mwananyamala huko Kinondoni. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Uswisi, hospitali hizo tatu pamoja na zahanati na vituo vya afya vya jiji vilikarabatiwa ili wananchi wasikimbilie Muhimbili kwa kila jambo. Baadaye hizo tatu zilipandishwa na kuwa hospitali za rufaa za mkoa. Hospitali nyingine zimeongezeka, kama ile ya Mbagala Rangi Tatu, ya Sinza na ya Vijibweni. Lakini mji nao haukusimama kuzingoja.

Mfano mzuri ni Mabwepande. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia huko wakazi wa mabondeni, wakiwamo wa Jangwani, mahali ambapo mtu huweza kutembea kwa miguu hadi Muhimbili. Walipata viwanja visivyofurika, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mwanamke aliyekuwa jirani wa hospitali kubwa kuliko zote nchini alijikuta yuko ukingoni mwa jiji. Hospitali ya Manispaa ya Kinondoni ilikuja kujengwa huko huko Mabwepande baadaye.

Kadhalika Kigamboni. Kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa Aprili 2016, mama aliyepewa rufaa ya kwenda Temeke au Muhimbili alingoja pantoni, au alizunguka kwa gari hadi Kongowe. Kwa macho aliiona Dar es Salaam ng'ambo ya maji. Kwa saa alikuwa mbali kuliko mtu wa Kibaha.

KUCHELEWA MARA TATU

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika makala ambayo wataalamu wa afya ya uzazi wanaitumia hadi leo. Walieleza kwamba mama mwenye matatizo ya uzazi huchelewa mara tatu. Huchelewa kwanza nyumbani, kabla haijaamuliwa kwamba aende hospitali. Huchelewa mara ya pili njiani. Huchelewa mara ya tatu akiwa ameshafika hospitali, kabla hajapata huduma inayomfaa. Nitazifuata hatua hizo moja baada ya nyingine kama zinavyoonekana katika mitaa yetu.

Kuchelewa kwa nyumbani huanza mapema zaidi kuliko tunavyodhani. Huanza mimba ikiwa na miezi miwili. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha kuwa wanawake tisa katika kila kumi nchini walihudhuria kliniki ya waja wazito angalau mara moja. Lakini waliohudhuria mara nne au zaidi ni 65 tu katika kila 100, na walioanza katika miezi mitatu ya kwanza ni 34 tu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12.

Kwa nini haraka yote hiyo, na tumbo lenyewe halijaonekana? Sababu ni kwamba kliniki ya kwanza ndiyo inayoweka kumbukumbu ya kulinganishia. Mama hupimwa msukumo wa damu, wingi wa damu, mkojo, kundi la damu, kaswende na virusi vya UKIMWI. Hupewa vidonge vya kuongeza damu na chanjo ya pepopunda, na mimba ikishatimiza miezi mitatu huanza kupewa dawa ya kumkinga na malaria. Tuseme mama anafika kwa mara ya kwanza akiwa na miezi saba, na msukumo wake wa damu uko juu. Mganga atajuaje kama huo ni ugonjwa wa siku zote au ni dalili ya kifafa cha mimba? Kama kadi ingekuwa na kipimo cha mwezi wa tatu, jibu lingeonekana hapo hapo.

Kifafa cha mimba ni miongoni mwa maradhi yanayowaua sana waja wazito wa jiji hili. Watu wengine bado hukichukulia kuwa ni mashetani, wakampeleka mgonjwa kupungwa. Ugonjwa huu hutoa onyo. Kichwa huuma sana na hakisikii dawa, macho huona giza au vimulimuli, uso na mikono huvimba, na mkojo ukipimwa hukutwa na protini. Ipo dawa ya sindano ya magnesiamu inayozuia degedege hizo, nayo si ya gharama kubwa. Lakini humfaa yule aliyegundulika mapema.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ajabu ni kwamba sisi tunaficha mimba yenyewe. Wengine huogopa kijicho cha majirani, wengine husema mimba changa haitangazwi isije ikaharibika, na wengine huhesabu siku za kazi watakazopoteza. Mama muuza vitumbua akipoteza asubuhi moja kwenye foleni ya kliniki, siku hiyo nyumbani hakuna fedha ya chakula. Sababu hizi si za kipuuzi, na si haki kumkemea mama kama mtoto mdogo kwa sababu hizo.

Lakini wakati mwingine tunaomchelewesha ni sisi wenyewe tulio upande wa huduma. Serikali imehimiza akina baba wawasindikize wake zao kliniki ili wapimwe pamoja, na shabaha yake ni njema. Ila zipo kliniki ambazo zimeligeuza himizo hilo kuwa sharti. Mpwa wangu mmoja, ambaye mwenzake alikuwa safarini Mtwara, alinijia jioni na kadi mkononi.

"Mjomba, nimerudishwa," akaniambia. "Wamesema kama sina mume wa kuja naye nilete barua ya serikali ya mtaa."

Barua ile ilipatikana baada ya majuma mawili, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa msibani. Kliniki yenyewe siitaji, kwa sababu mchezo huo umesikika kwingi. Ninalosema ni kwamba mwanamke aliyekuja peke yake asirudishwe. Apokewe, apimwe, na huyo baba aitwe siku nyingine.

Kuna pia kuchelewa kwa siku ya uchungu wenyewe. Mama anaumwa tangu magharibi, lakini fedha anayo baba, na baba yuko kazini. Au mama mkwe anasema uzazi wa kwanza huchukua muda, tungoje kupambazuke. Ndugu zangu, uchungu haujui ratiba ya mtu. Mjamzito akitokwa na damu, akishikwa na degedege, akipatwa na homa kali, chupa ikipasuka kabla ya uchungu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, hapo hapana cha kungoja. Aondoke saa ile ile, awepo baba asiwepo.

NJIANI

Mimi mwenyewe ni mkazi wa Mbagala. Nilimwuliza kijana mmoja wa bajaji, ambaye amewabeba akina mama wengi wenye uchungu, safari ya hospitali huwa ya muda gani. Akanijibu, "Mzee wangu, saa nane za usiku barabara ni nyeupe, unafika mara moja. Tabu ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hapo hata ukiwa na king'ora utakaa tu."

Jibu hilo lina mafunzo. Katika mji wetu umbali haupimwi kwa kilometa. Unapimwa kwa foleni, kwa mvua, na kwa vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia. Mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani kwa mafuriko ya Mto Msimbazi, na mgonjwa aliyezoea njia ile hubaki akizunguka. Kuna kaya nyingi za pembezoni ambazo mama hana budi kutembea au kubebwa hadi barabarani ndipo apate chombo.

Kwa hiyo usafiri ni jambo la kupangwa mimba ikiwa na miezi saba, si uchungu ukishaanza. Familia iwe na namba ya simu ya dereva mmoja au wawili wanaolala jirani, na nauli iwekwe kando. Aidha, upo mfumo wa usafiri wa dharura kwa akina mama na watoto wachanga unaoitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio huko Kanda ya Ziwa, na tangu 2022 umekuwa ukienezwa nchi nzima. Mtu hupiga namba 115 bila malipo, na kituo cha mawasiliano hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa kijamii aliyeandikishwa, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Namba hiyo iandikwe ukutani, pale pale inapotundikwa kalenda.

Hapa niseme neno juu ya lawama moja inayotolewa mara kwa mara. Inasemwa kwamba akina mama wa Dar es Salaam huzipita zahanati za mitaani na kwenda kusongamana katika hospitali kubwa. Ni kweli, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu mama ambaye angeweza kujifungua salama karibu na kwake anachukua kitanda na macho ya mkunga aliyehitajiwa na mama mwenye hatari. Lakini tujiulize kwa nini wanazipita. Zahanati nyingi hufungwa alasiri. Haina chumba cha upasuaji wala damu, na maabara yake ni ndogo. Mama anafikiri, nikikwama hapa usiku nitahamishwaje? Kwa nini nisiende moja kwa moja? Mtu anayefikiri hivyo si mjinga. Anafanya hesabu ileile ya saa ninayoizungumzia mimi. Atakiamini kituo cha jirani siku atakapoona kinafanya kazi saa 24, na gari la rufaa linatoka bila kubembelezwa.

Ndiyo maana ni jambo la maana kwamba tangu 2017 serikali imekuwa ikiviwezesha vituo vya afya kwa mamia nchini kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi. Kila chumba cha upasuaji kinachoanza kazi pembezoni mwa jiji kinampunguzia mama safari nzima ya kwenda mjini.

AKISHAFIKA

Sasa mama ameshafika. Kuchelewa kwa tatu ndiko kunakouma zaidi, kwa sababu yeye na jamaa zake wametimiza wajibu wao wote.

Uchungu uliokwama ni mfano. Kichwa cha mtoto kikikaa muda mrefu bila kupita, hubana nyama laini zilizo kati ya njia ya uzazi na kibofu. Damu haipiti, nyama hizo hufa, na baada ya siku chache tundu hufunguka. Hiyo ndiyo fistula. Mama hutokwa na mkojo bila kujizuia, na wengi huachwa na waume na kutengwa na jamaa. Ugonjwa huu hauletwi na laana wala uzinzi. Unaletwa na saa zilizopita bila msaada. Unatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani hutoa tiba hiyo bila malipo. Tangu 2009 hospitali hiyo imekuwa ikituma nauli kwa njia ya M-Pesa ili wagonjwa wa mikoani wafike. Lakini kila fistula ni ushahidi kwamba kuna mahali saa zilipotea, ama nyumbani, ama njiani, ama kwenye benchi la hospitali.

Mfano wa pili ni kutoka damu. Kwa miaka mingi wakunga walikadiria kwa macho tu damu iliyopotea, na macho hudanganya. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu. Mama aliwekewa chini yake shuka la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo, ili mkunga aione damu ikikaribia nusu lita. Alama ikifikiwa, matibabu yote yaliyopangwa yalitolewa kwa pamoja, bila kujaribu moja na kungoja. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Si mtambo wa mamilioni, ni plastiki na utaratibu.

Mfano wa tatu ni wa hapa hapa nchini, na ningependa ujulikane zaidi. Katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, kati ya 1984 na 1991, miaka ambayo nchi ilikuwa na uhaba wa kila kitu, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walipunguza vifo vya akina mama kutoka 933 hadi 186 katika kila vizazi hai 100,000. Hawakuwa na fedha nyingi. Walitumia walivyokuwa navyo, wakachukua hatua nyingi ndogo ndogo za kurekebisha vifaa, kuwanoa upya watumishi na kuhakikisha damu na dawa zinapatikana. Kama Kigoma ya wakati ule iliweza, hatuna udhuru katika Dar es Salaam ya leo.

Suala jingine ni lugha na heshima. Utafiti uliofanywa katika hospitali moja kubwa ya jiji hili na kuchapishwa 2016 uliwauliza akina mama, kabla hawajatoka hospitalini, kama walitendewa vibaya. Asilimia 15 walisema ndiyo. Kikundi kidogo kati yao kilipofuatwa nyumbani majuma machache baadaye, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 70. Getini mama husema ahsante, na ukweli huueleza akiwa nyumbani. Na anapoueleza nyumbani husikilizwa na mdogo wake, wifi yake na jirani yake, ambao kesho watakuwa na uchungu nao watajiuliza kama waondoke sasa au wangoje kidogo. Kwa njia hiyo neno moja baya la chumba cha kujifungulia humchelewesha mama mwingine kule Charambe.

Nisieleweke vibaya. Mkunga anayewahudumia wazazi watano au sita kwa wakati mmoja, usiku kucha, naye ni mwanadamu. Tukimtaka awe mpole na mwepesi, tumpe wenzake wa kusaidiana naye, glovu, dawa na mahali pa kupumzika. Waja wazito walisamehewa malipo tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza 1993. Lakini msamaha peke yake haujazi kabati. Jamaa anapoagizwa dukani usiku kununua pamba na glovu, muda unakwenda, na lawama humwangukia mkunga aliye mbele yake.

TUFANYE NINI

Baba mwenzangu, mkeo akikueleza kwamba ameona dalili za mimba, usingoje tumbo. Mpe nauli ya kliniki juma hilo hilo, na ukiweza nenda naye. Mwulize alichoambiwa na uisome kadi yake. Mapema kabisa kubalianeni mambo matano: atajifungulia wapi, atakwenda na chombo gani, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, na ni nani atakayetoa damu ikihitajika. Damu haitengenezwi kiwandani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama huikusanya kutoka kwetu sisi, na mtu mzima mwenye afya njema anaweza kuchangia kabla hajapata msiba wa kumkumbusha.

Mama mkwe, wifi na shangazi, mashauri yenu yana uzito kuliko redio. Mkisema "twende" mama ataondoka, na mkisema "tungoje" atangoja.

Kwa madiwani na wakuu wa manispaa zetu, ombi langu ni moja. Msitupe tu hesabu ya majengo. Tuelezeni katika kila kata ni kituo kipi kilicho wazi saa nane za usiku, ni kipi chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, na mama aliyepewa rufaa kutoka Chamazi au Bunju jana alisubiri gari kwa dakika ngapi. Hizo ndizo takwimu ambazo mpiga kura wa pembezoni angependa kuzisikia mkutanoni, na zikisomwa kila mara zitapungua zenyewe, kwa kuwa hakuna kiongozi apendaye kusoma aibu yake mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba uzazi si ugonjwa, na kwamba bibi zetu walizaa nyumbani wakapona. Waliopona ndio waliobaki kutusimulia. Waliokufa hawakupata nafasi hiyo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazungumzia mtoto mchanga katika siku zake saba za kwanza. Kwa leo naishia hapo.